Mkienda Guatemala, msiishie Antigua na ziwani: uzi wa Petén, Quiriguá na mto Dulce

Kasia la Pangani

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna mdau juzi aliuliza Amerika ya Kati kuna nini zaidi ya fukwe za Costa Rica na mfereji wa Panama. Nikaanza kumjibu, jibu likawa refu kuliko swali, nikaona bora lifunguliwe uzi wake. Nitaongelea Guatemala tu, maana ndiyo ninayoijua kwa miguu. Naishi Houston, ndege ni mwendo wa kama saa tatu, kwa hiyo nauli ikishuka na likizo ikiwepo, huyoo.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili wabishi mjipange. Wageni wengi wanatua Guatemala City, wanakimbilia Antigua, wanapanda volkano moja, wanajibwaga ziwa Atitlán, halafu wanaruka Tikal asubuhi na kurudi jioni. Wakifika kwao wanasema Guatemala tumeimaliza. Mimi nasema hawajaianza. Nusu nzima ya safari inatakiwa iwe kaskazini na mashariki, kule kwenye joto.

Petén. Huu ni mkoa mmoja lakini unachukua karibu theluthi ya nchi. Ni tambarare, una msitu mzito, na watu wake ni wachache. Mnaanzia Flores, kamji kalikojaa juu ya kisiwa kidogo ndani ya ziwa Petén Itzá, kameunganishwa na nchi kavu kwa tuta. Mnazunguka kwa bajaji, zile zile zetu, ila zina mapambo mengi zaidi.

Sasa hicho kisiwa msikidharau. Zamani kiliitwa Nojpetén, makao makuu ya ufalme wa Wamaya wa Itzá. Cortés, yule Mhispania aliyeiteka Mexico, alipita hapo 1525, akaendelea na safari yake. Wahispania waliutwaa mji ule Machi 1697. Hesabuni wenyewe: huo ni mwaka mmoja na miezi tu kabla ya Waomani kuitwaa Fort Jesus pale Mombasa. Yaani Wareno wanakaribia kufukuzwa pwani yetu, na huku bado kuna mfalme wa Kimaya amekaa kwenye kiti chake.

Tikal. Iko kama kilomita 65 kutoka Flores. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1955, na UNESCO waliiorodhesha 1979 kwa vigezo viwili kwa pamoja, vya utamaduni na vya asili. Hifadhi yenyewe ina kilomita za mraba 576, na magofu ni sehemu yake moja. Ndiyo maana nasema ukienda asubuhi na kurudi jioni umeona mawe, msitu hujauona.

Njiani kuelekea magofu kuna mti mkubwa ambao kila mgeni anaupiga picha. Waongozaji wanauita ceiba, mti mtakatifu wa Wamaya, na ndio mti wa taifa. Waswahili tunaufahamu vizuri: ni msufi. Mti ule ule ambao sufi yake bibi zetu walikuwa wanajazia mito. Kwa Wamaya mizizi yake imeshika kuzimu na matawi yameshika mbingu. Wageni wengine wote walikuwa wanaushangaa, mimi nikawa namtafutia mwongozaji maneno ya Kihispania ya kumweleza habari za godoro.

Kwenye uwanja mkuu mnakutana na Hekalu la Kwanza, mita 47, kaburi la mfalme Jasaw Chan K'awiil. Huyu ndiye aliyewapiga mahasimu wao wa mji wa Calakmul mwaka 695, baada ya Tikal kukaa zaidi ya karne moja imenyong'onyea chini ya maadui zake. Kulipanda hairuhusiwi. Panapopandwa ni Hekalu la Nne, alilojenga mwanawe, kama mita 65, kwa ngazi za mbao zilizowekwa pembeni. Ukifika juu hakuna mji wala barabara, ni vilele vya miti mpaka upeo wa macho, na vichwa vya mahekalu mengine vimechomoza katikati. Mlango wa hekalu hilo ulikuwa na vizingiti vya mti wa sapote vilivyochongwa kwa ustadi wa ajabu. Ukitaka kuviona nenda Basel, Uswisi. Vilichukuliwa karne ya 19 na havijarudi.

Kitu kilichoniacha hoi zaidi si urefu wa majengo, ni maji. Tikal haina mto wala ziwa la kudumu. Mji wa maelfu kwa maelfu ya watu uliishi kwa malambo. Viwanja vyote vilipigwa lipu na kuwekwa mteremko, mvua ikinyesha inakusanywa. Lambo moja limekutwa na mabaki ya chujio la mchanga wa kwatzi na madini ya zeolaiti, vitu ambavyo vilibebwa kutoka mbali. Hiyo ni zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Laleni ndani ya hifadhi, kuna hoteli chache pale karibu na magofu. Si rahisi, lakini kabla ya alfajiri mtasikia kima wanaounguruma. Asiyejua anadhani ni chui wawili wanagombana ndani ya pipa.

Yaxhá, njia ya kuelekea Belize. Magofu haya yamekaa juu ya ziwa, na ni wachache wanaofika. Pandeni Hekalu la 216 jua likiwa linazama. Kuogelea hapana, mamba wapo.

Aguateca, kusini mwa Petén, mnakwenda kwa boti kutoka Sayaxché. Mji uko ukingoni mwa jabali, una ufa mrefu unaoupasua katikati na madaraja juu yake. Mnamo mwaka 810 hivi maadui waliuvamia na kuuchoma, watu wakakimbia bila kubeba kitu. Wanaakiolojia wakakuta vyungu, mawe ya kusagia, zana za waandishi, kila kitu kilipoachwa. Kwangu mimi Aguateca inashinda hata Tikal kwa kukufanya uwaone wenyeji kama watu na si wafalme tu.

Naweka kituo hapa, mashariki nitaendelea. Maswali karibuni.

Mzee wa Kigoda

Nimekaa mbele kabisa. Endelea mkuu.

Fundi Mitambo

Uzi mzuri ila mkuu umeruka kitu. Hawa Wamaya inasemekana walitoweka ghafla, mji mzima, hawajulikani walikokwenda. Na zile piramidi, bila chuma, bila gurudumu, bila ng'ombe wala punda, eti zilijengwa na watu wa kawaida? Tuambizane ukweli.

Mchimbuaji

Kasia naomba nimjibu huyu, nimesomea akiolojia kidogo na haya maswali yananiwasha.

Fundi, jiwe la Petén ni la chokaa. Likitoka machimboni ni laini, unalikata kwa jiwe gumu la gumegume, likikaa hewani linakaza. Vipande vidogo vidogo vya chokaa wakavichoma tanurini wakapata saruji yao na lipu. Visu vyao vilikuwa vya kioo cha volkano, na kwa vipimo vya maabara tunajua mawe mengi yalitoka machimbo ya El Chayal, karibu na mji mkuu wa leo, wakayabeba mgongoni. Na piramidi haikujengwa kwa mara moja. Mfalme mpya anafunika hekalu la babu yake kwa hekalu lake. Ukitoboa shimo unakuta jengo ndani ya jengo ndani ya jengo. Wakishakufa wafalme kumi hapo, na kila mmoja na jeshi la vibarua, utashangaa nini?

Kuhusu kutoweka: nguzo ya mwisho yenye tarehe pale Tikal ni ya mwaka 869. Karne ile ya 9 kulikuwa na ukame wa kurudiarudia, vita kati ya miji, na wafalme ambao kazi yao ilikuwa kuleta mvua na ushindi, vyote viwili vikawashinda. Watu wakahama kidogo kidogo. Kilichokufa ni ufalme wa namna ile. Watu walibaki, na Kasia ameshakuonyesha walikuwa bado wana mfalme 1697.

Na wako hadi leo. Sensa ya Guatemala ya 2018 inasema karibu asilimia 42 ya wananchi ni Wamaya. Lugha za Kimaya zinazotambuliwa nchini ni 22. Hii hadithi ya "walitoweka" ina ubaya wake, maana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1960 hadi 1996 viliua au kupoteza zaidi ya watu 200,000, na tume ya ukweli ilikuta wahanga waliotambuliwa kabila lao, zaidi ya asilimia 80 walikuwa Wamaya. Ukisema walishatoweka zamani, hao waliouawa juzi ni akina nani?

Fundi Mitambo

Aisee. Nimeelewa mkuu, hiyo ya vita sikuwahi kuisikia.

Nakuru Express

Boss Kasia, kazi safi. Sasa sisi wa Kenya na Tanzania tunafikaje huko bila kuuza shamba? Visa je?

Kasia la Pangani

Nakuru, hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika. Njia ninazozijua ni mbili: kupitia Ulaya, kwa mfano Madrid ambako kuna ndege inayokwenda moja kwa moja Guatemala City, au kupitia Marekani. Ukipita Marekani lazima uwe na viza ya Marekani hata kama ni kubadilisha ndege tu uwanjani. Hapo ndipo wengi wanakwama, wanakata tiketi ya bei rahisi bila kuangalia inapita wapi. Viza ya Guatemala yenyewe ulizia ubalozi wao kabla hujalipia chochote. Ukishaingia, siku zako 90 zinahesabiwa kwa pamoja na Honduras, El Salvador na Nicaragua, kwa hiyo usidhani ukivuka mpaka unaanza upya. Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano beba.

Ndani ya nchi si ghali. Quetzal, fedha yao, ni kama 7.7 kwa dola moja. Tikal mgeni nililipa quetzal 150, na wanaotaka kuingia kabla ya alfajiri wanaongeza. Kwa mabasi, kuna yale wanayoyaita camioneta, mabasi ya zamani ya shule ya Marekani yaliyopakwa rangi zote za dunia. Mchana panda, ni raha tupu. Usiku achana nayo.

Wa Likoni, Toronto

Kaka Kasia, nimesoma kwa heshima zote, lakini hapo kwa Antigua na ziwa umetuonea.

Antigua ilikuwa makao makuu ya Wahispania kwa karibu Amerika ya Kati yote hadi mitetemeko ya 1773 ikaivunja, na 1776 mji mkuu ukahamishwa. Wenyeji wengine wakakataa kuhama. Kwa hivyo unapata makanisa yaliyoanguka paa, miti imeota ndani, na jirani yake nyumba watu wanaishi. Huo nao si urithi?

Na volkano ya Acatenango je? Mita 3,976. Unaanza kijiji cha La Soledad, takriban mita 2,400, unapanda kupitia mashamba ya mahindi, halafu msitu wa mawingu, halafu misonobari, halafu jivu tupu la volkano ambalo kila hatua mbili unarudi moja. Kambi iko kwa kama mita 3,600. Usiku ukiingia, Fuego, volkano jirani hapo ng'ambo, inatema moto, mngurumo unaupata kifuani. Sijaona kitu kama hicho popote, na Ol Doinyo Lengai nimepanda.

Ila watu wasiende na mzaha. Huko juu maji yanaganda. Januari 2017 kuna wapandaji waliokufa kwa baridi, walipanda bila nguo za kutosha. Na Fuego si pambo la watalii: Juni 3, 2018 ililipuka, wimbi la majivu na gesi ya moto likashuka likafunika kijiji cha San Miguel Los Lotes, watu mamia wakapotea. Ukisikia mamlaka zimefunga mlima, shukuru na uende kwengine.

Atitlán nayo, hilo ziwa ni shimo la volkano iliyolipuka makumi ya maelfu ya miaka iliyopita, majivu yake yamekutwa mpaka chini ya bahari. Lina kina cha mita 300 na zaidi, halina mto wa kutokea, na limezungukwa na volkano tatu. Kila kijiji na nguo yake, upande huu Wakaqchikel, upande ule Watz'utujil. Mchana unaingia upepo wanaouita xocomil, boti zinaruka kama mbuzi.

Kasia la Pangani

Wa Likoni, Acatenango nakuachia, sina ubishi. Mtu mwenye mapafu na miguu aende.

Atitlán nina neno. Uzuri wake upo, ila Panajachel na San Pedro, vijiji vya kando ya ziwa, sasa hivi ni mikahawa ya wageni kwa wageni. Na ziwa lenyewe linaumwa. Mwaka 2009 sehemu yake kubwa ilifunikwa na sianobakteria, vijidudu vinavyofanana na mwani, kutokana na maji machafu na mbolea zinazoshuka kutoka milimani, na kwa kuwa halina mto wa kutokea, kinachoingia kinabaki. Kabla ya hapo, mnamo 1958, walipandikiza samaki wa kigeni ili wavuvi wa michezo wafurahi. Kulikuwa na ndege wa majini anaitwa poc, hakuwepo kwingine popote duniani isipokuwa ziwa lile. Yule samaki alikula chakula chake na hata vifaranga vyake, matete ya kutagia nayo yakapungua. Leo ndege huyo hayupo tena. Sisi wa ziwa Victoria tulioona sangara alivyofanya kwa furu, hiyo hadithi tunaijua mwanzo hadi mwisho.

Ukienda, lala Santiago Atitlán, wenyeji ndio wengi.

Wa Likoni, Toronto

Santiago nakubali. San Pedro utaniombea radhi, nilipata chapati ya mahindi na maharage pale ambayo naiota hadi leo.

Bi Mwanakheri, Maskati

Asalaam aleikum wanangu. Mimi msomaji tu, siandiki mara nyingi. Nataka kuuliza jambo moja. Huku Maskati dukani iliki nzuri ya gahawa, ile ya kijani, muuzaji hukwambia hii ya Guatemala. Nami nilikuwa najua iliki ni Hindi na kwetu Unguja. Ndiyo nchi hii hii?

Kasia la Pangani

Waaleikum salaam Bi Mwanakheri, shikamoo. Ndiyo hii hii, na umenifungulia mlango wa kuingia sehemu ya pili.

Guatemala ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza iliki nje, na sehemu kubwa inakwenda Saudia na nchi za Ghuba. Inalimwa zaidi mkoa wa Alta Verapaz, milima ya kijani yenye mvua ya manyunyu isiyoisha. Ililetwa na mkulima wa Kijerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Wakulima wenyewe leo ni Wamaya wa Q'eqchi', wana vishamba vidogo chini ya miti. Cha ajabu wao hawaitumii. Niliomba kahawa yenye iliki mjini Cobán, mama muuzaji akaniangalia kama niliyemwomba atie sabuni.

Mkoa huo ndio wa Semuc Champey. Mnalala Lanquín, asubuhi mnapanda pikapu, mnasimama nyuma mmeshika bomba, kilomita kama 11 za mashimo. Mkifika mnakuta mto Cahabón unakuja kwa kasi, unaingia ghafla chini ya mwamba na kupotea. Juu ya mwamba huo, kwenye daraja la asili la mawe ya chokaa lenye urefu wa mita 300 hivi, yamepangana madimbwi ya maji ya rangi ya feruzi, ngazi kwa ngazi, yanayolishwa na chemchemi za pembeni. Mnaogelea juu huku mto mzima unapita chini yenu. Kwanza pandeni jukwaa la juu mkiwa wakavu, ngazi ni kali, halafu ndiyo mshuke majini. Mvua kubwa ikinyesha rangi inachafuka, kwa hiyo msiende msimu wa mvua mkategemea picha mlizoziona mtandaoni.

Kusini kidogo, Purulhá, kuna hifadhi ya ndege quetzal, yule mwenye mkia mrefu wa kijani ambaye fedha ya nchi imepewa jina lake. Kumwona ni bahati, amkeni mapema. Na Cobán kuleni kak'ik, supu ya bata mzinga yenye pilipili na rangi nyekundu. Bi Mwanakheri, hiyo ungeipenda.

Bi Mwanakheri, Maskati

Marahaba mwanangu. Allah akuzidishie. Nitamwambia muuzaji kuwa wanaoilima hawaijui tamu yake.

Nyota ya Kusini

Huko kuna watu weusi? Nauliza kiuzalendo.

Kasia la Pangani

Wapo, na ndiko ninakowapeleka sasa.

Livingston. Mji uko pwani ya Karibi na hauna barabara ya kuufikia, ni boti tu, kutoka Puerto Barrios au kutoka mji wa Río Dulce. Chagueni ya pili. Mnaanzia chini ya ngome ya San Felipe, ambayo Wahispania waliiweka karne ya 17 kuwazuia maharamia wasiingie ziwa Izabal, mnateremka mto Dulce, na mbele maji yanapita katikati ya kuta mbili za miamba zilizofunikwa msitu, ndege weupe wamejaa matawini. Baadaye bahari inafunguka na ngoma mnaisikia.

Wenyeji ni Wagarífuna. Asili yao ni kisiwa cha St. Vincent, ambako Waafrika waliochanganyika na wenyeji wa Karibi waliunda jamii huru, wakapigana na Waingereza. Waliposhindwa, 1797 Waingereza wakawapakia melini na kuwatupa kisiwa cha Roatán, Honduras. Kutoka hapo wakaenea pwani yote. Kila Novemba 26 wanaigiza upya kufika kwao kwa mitumbwi. Lugha yao si ya Kiafrika wala ya Kizungu, ni ya familia ya Kiarawak. UNESCO waliitambua 2001 pamoja na ngoma na muziki wao.

Chakula chao kikuu cha kumpa mgeni ni tapado: samaki, kaa na kamba kwenye tui la nazi, na ndizi ndani. Mtu wa Pangani hahitaji maelezo zaidi.

Nyota ya Kusini

Tui la nazi na ndizi! Mkuu nimeshafungasha.

Mchimbuaji

Kasia usiisahau Quiriguá, iko njia hiyo hiyo ya Puerto Barrios.

Kasia la Pangani

Nilikuwa nainyemelea. Quiriguá iko katikati ya mashamba ya migomba. Mnapita migomba, migomba, migomba, halafu ghafla kichaka cha miti mirefu, ndipo hapo. Kampuni ya ndizi ya Kimarekani, United Fruit, ilinunua ardhi ile 1910, kile kipande chenye magofu kikaachwa na msitu wake.

Kulikuwa na mji mdogo hapa, kibaraka wa Copán iliyoko ng'ambo, Honduras ya leo. Mwaka 738 mfalme wa Quiriguá, K'ak' Tiliw Chan Yopaat, alimkamata bwana wake wa Copán na kumkata kichwa. Utajiri wa njia ya biashara ya jedi, lile jiwe la kijani la thamani, na kioo cha volkano ukahamia kwake, naye akaanza kujisimamishia nguzo za mawe. Ile kubwa, wanayoiita Estela E, ni ya 771: jiwe moja, mita 10 na nusu, sehemu yake imezama ardhini, uzito kama tani 65. Hakuna jiwe kubwa zaidi lililosimamishwa na Wamaya popote. Pande zake zimejaa maandishi, na kwenye nguzo nyingine za hapo hapo tarehe wanazozitaja zinarudi nyuma mamilioni ya miaka, wakati wa miungu. Huyu jamaa alikuwa na mji mdogo na nafsi kubwa.

Wageni wanatumia nusu saa na kuondoka kwa sababu hakuna piramidi ya kupanda. Mimi nilikaa mpaka mlinzi akaanza kuzunguka na funguo.

Mchimbuaji

Nyongeza: Quiriguá iliingia orodha ya UNESCO 1981, mwaka ule ule na Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Na kama Kilwa, maji ndiyo adui mkubwa: huku mafuriko na unyevu, kule mawimbi ya bahari.

Nakuru Express

Na hiyo El Mirador naona watu wanaitaja, ni nini?

Mchimbuaji

Hiyo ni ya wagumu, Nakuru. Iko kaskazini kabisa mwa Petén, karibu na mpaka wa Mexico, hakuna barabara. Unatembea kutoka kijiji cha Carmelita kama siku mbili kwenda, nyumbu wamebeba mizigo, au unakodi helikopta. Ni ya kale kuliko Tikal ile ya wafalme tunaowasikia, ilistawi karne za mwisho kabla ya Kristo. Piramidi ya La Danta inafika mita 72. Ukiitazama ni kilima chenye miti, sehemu ndogo tu imefunuliwa.

Mwaka 2018 wataalamu walitangaza matokeo ya kupiga leza kutoka kwenye ndege juu ya msitu wa Petén. Leza inapenya majani inasoma ardhi. Wakaona majengo zaidi ya 60,000: nyumba, barabara za tuta, matuta ya kilimo, ngome. Kwa hiyo mnapotembea kwenda Mirador, kila kamwinuko mnachokanyaga kuna uwezekano mkubwa ni nyumba ya mtu.

Na Carmelita wenyewe ni hadithi. Kijiji hicho na Uaxactún wana mkataba na serikali wa kuutumia msitu ndani ya Hifadhi ya Biosfia ya Maya iliyoanzishwa 1990. Wanavuna mbao kwa kipimo, majani ya xate ya kupambia maua, na utomvu wa sapote uliokuwa ukitengeneza chingamu. Maeneo yao yameungua na kukatwa kidogo sana kuliko sehemu za hifadhi zilizovamiwa na wafuga ng'ombe. Ukilipa mwongozaji wa Carmelita unalipa wanaoulinda.

Wa Likoni, Toronto

Hiyo imenigusa. Sasa Kasia, mtu ana wiki mbili, Desemba. Apangeje? Na asiniondolee Acatenango.

Kasia la Pangani

Desemba ni sawa kabisa, mvua zimeshakata, ingawa Alta Verapaz na pwani ya Karibi manyunyu hayakomi. Shika Novemba mpaka Aprili. Machi na Aprili Petén inachoma na mashamba yanachomwa, moshi unatanda.

Tua Guatemala City, usilale, nenda Antigua, panda Acatenango yako. Kisha ruka kwa ndege mpaka Flores uokoe siku nzima ya barabara. Tikal lala ndani, Yaxhá, na Aguateca kama una hamu. Mirador usiiguse kwa wiki mbili, itakula kila kitu. Kutoka Flores chukua basi dogo la wasafiri mpaka Lanquín. Niliposafiri tulivuka mto La Pasión pale Sayaxché kwa pantoni, gari na wachuuzi wa korosho humo humo. Ni safari ya mchana kutwa, na baada ya Cobán kona hazihesabiki, mwenye kutapika akae mbele. Semuc, halafu Río Dulce, boti, Livingston. Kurudi mji mkuu unashuka Quiriguá, kutoka barabara kuu mpaka magofuni unachukua bajaji.

Ziwa likibaki na nafasi, sawa. Lisipobaki, sawa.

Wa Likoni, Toronto

"Lisipobaki sawa." Wewe mtu mgumu. Barabara ya Lanquín mpaka Río Dulce inapitika au ni kurudi Cobán tena?

Kasia la Pangani

Inapitika, ila ya kupitia El Estor ni ya vumbi na mawe sehemu kubwa, mvua ikinyesha madereva wanazungukia mbali. Uliza Lanquín usiku mmoja kabla, wanajua nani amepita leo. Ukipita hiyo ya El Estor, simama Finca Paraíso. Maporomoko ya maji ya moto yanadondokea kwenye dimbwi la maji baridi, unakaa katikati.